Ile Karatasi ya Mnada Ibandikwe Kwenye Kioo
Barua ya wazi kwa wenye yadi za magari ya mtumba, Dar es Salaam

Ndugu zangu wenye yadi,

Barua hii inawahusu ninyi mnaouza magari kutoka Japani, kuanzia Barabara ya Nyerere hadi ile ya Bagamoyo, na inahusu hasa saluni kubwa mnazozipanga mstari wa mbele: Crown, Mark X, Fuga, Teana. Ombi langu ni moja. Kila gari mlilolinunua mnadani Japani lilikuwa na karatasi ya ukaguzi. Ibandikeni kwenye kioo cha mbele, mteja aisome kabla hajauliza bei.

Nimezitaja saluni kubwa kwa sababu mnunuzi wake namfahamu. Huyu si kijana anayetafuta gari la kutesa nalo wikiendi. Ni mzazi mwenye watoto watatu wanaosoma shule mbili tofauti, ana mama yake mzazi ambaye magoti hayamruhusu tena kukwea gari la juu, na kila Desemba ana safari ya kwenda Moshi, Songea au Bukoba, mizigo ya kwenda na mizigo ya kurudi. Ameambiwa anunue Noah, akaona haimfai. Ameangalia magari ya juu, bei zikamshinda. Mwisho anasimama mbele ya Crown yenu, anafungua mlango wa nyuma, anakaa, ananyoosha miguu, na moyo wake unakuwa umeshanunua kabla mfuko haujaulizwa. Mteja wa namna hiyo ni rahisi kumdanganya, nanyi mnalijua hilo kuliko mimi.

Wala hajakosea kuipenda. Crown ya chesisi GRS200, ile iliyotoka mwaka 2008, ina urefu wa mita 4.87, na kati ya gurudumu la mbele na la nyuma kuna mita 2.85. Ndiyo maana mtu mzima anakaa nyuma bila magoti kugusa siti ya mbele, na buti inameza masanduku bila kugombana na mtu. Jina lenyewe lipo tangu 1955. Tena magari haya huondoka Japani yakiwa bado na nguvu, kwa sababu sheria za kule zinamchosha mwenye gari kabla gari halijachoka. Kodi ya mwaka inapanda kwa ukubwa wa injini, gari la petroli likifikisha miaka 13 kodi hiyo inaongezwa, na ukaguzi wa lazima unaoitwa shaken unarudi kila baada ya miaka 2, nao una gharama. Mwenye gari anapiga hesabu, anaona bora alipeleke mnadani. Kwa hiyo anayesema kila gari la mtumba ni bovu hajui biashara hii. Mengi ni mazima kabisa. Tatizo ni kwamba mteja akiwa yadi hana namna ya kulitenga zima na lililonyooshwa, wakati ninyi mnayo namna hiyo, mmeifungia kwenye droo.

Wasomaji wengine hawajawahi kuiona karatasi ninayoisema, kwa hiyo niieleze kidogo. Gari likifika mnadani, mkaguzi wa mnada, ambaye si mtu wa muuzaji wala wa mnunuzi, analizunguka na kulipatia daraja. Daraja la 5 au 4.5 ni gari linalokaribia upya. La 4 ni zuri. La 3.5 lina mikwaruzo na uchovu wa kawaida. Herufi R maana yake gari liligongwa au kuumia sehemu ya fremu, likatengenezwa. Pembeni kuna mchoro wa gari lililofunuliwa pande zote, na juu yake mkaguzi anaandika vijiherufi: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, S ni kutu, X ni kipande kinachotakiwa kubadilishwa, XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa; A1 ni mkwaruzo wa kutafuta kwa macho, A3 unauona ukiwa ng'ambo ya barabara. Juu ya karatasi kuna kilomita na mwezi wa usajili wa kwanza, na mkaguzi akizitilia shaka kilomita, anaandika hivyo hivyo.

Hakuna hata mmoja kati yenu anayeweka dau mnadani bila kuisoma karatasi hiyo, au kusomewa na wakala wake wa Yokohama au Nagoya. Mngenunua gari la mamilioni kwa picha tu? Hamthubutu. Lakini gari likishashuka bandarini Dar, karatasi inayeyuka. Mteja akiiulizia anajibiwa, "Bosi, gari hili ni kuwasha na kuondoka. Lilikuwa la mzee mmoja, alikuwa analitoa Jumapili tu." Kwa jinsi wazee hao walivyo wengi katika yadi zetu, mtu angedhani Japani haina kijana hata mmoja anayeendesha gari.

Sasa tuje kwenye kilomita, kwa sababu hapo ndipo mambo yanapoharibika zaidi. Shemeji yangu alinichukua twende kuangalia Mark X katika yadi moja ambayo sitaitaja. Nyeusi, imeng'arishwa, ndani ina harufu ya manukato ya kutundika kiooni. Dashibodi inasoma kilomita 68,000. Muuzaji kijana, mcheshi, anafungua boneti, injini imeoshwa mpaka unaweza kulia chakula juu yake. Nikafungua mlango wa dereva nikaangalia kwenye fremu ya mlango huo, chini ya bawaba. Mafundi wa Japani wana desturi ya kubandika stika ndogo kila wanapobadilisha oili, wakaandika tarehe na kilomita. Aliyeliandaa lile gari aliisahau. Maandishi ni ya Kijapani, lakini tarakimu ni zile zile tunazotumia sisi: oili ibadilishwe gari likifika 131,000. Mwaka wa Heisei 29, yaani 2017. Nikamwonyesha kijana. Akainama, akaitazama kwa makini, akasema labda ule mlango ulitoka gari lingine.

Akilini mwake alikuwa ananituliza. Kumbe alikuwa amekiri jambo la pili, kwamba gari linaweza kuwa lilibadilishwa mlango.

Kurudisha kilomita ni wizi wa pesa, lakini kwa gari la familia ni zaidi ya hapo. Mwenye gari anapanga matengenezo kwa namba anayoiona. Akiamini gari lina kilomita 68,000, oili ya gia haigusi, bushi na shokapu anaziona bado, pampu ya maji haifikirii. Kumbe gari limetembea mara mbili ya hapo, na hali yake itajulikana katikati ya Mikumi saa tatu usiku, bibi yupo siti ya nyuma na watoto wamelala.

Najua mtaniambia kuhusu kodi, na hapo nipo upande wenu. Kwa viwango vya miaka ya karibuni, chukua Crown ya cc 2500 iliyozidi miaka 10, ambayo thamani yake, nauli ya meli na bima vikiwemo, imekadiriwa shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 2.5. Ushuru wa bidhaa kwa injini iliyozidi cc 2000 ni asilimia 10 ya jumla ya thamani na ushuru huo, milioni 1.25. Ule wa uchakavu ni asilimia 30 ya jumla hiyo hiyo, milioni 3.75. VAT ya asilimia 18 juu ya vyote hivyo ni milioni 3.15. Umeshalipa milioni 10.65 kwa gari la milioni 10, na bado hujagusa tozo ya reli, gharama za bandari, wakala wa forodha na usajili. Kenya walifunga mlango kwa magari yaliyozidi miaka 8. Sisi tuliuacha wazi tukaweka tozo mlangoni. Matokeo yake ni kwamba mwagizaji anatafuta pa kupunguzia, na pa kupunguzia palipobaki ni kwenye daraja la gari. Ananunua R badala ya 4, analipaka rangi, anaweka matairi mapya, analiuza kwa bei ya 4. Hesabu hiyo naielewa. Anayeilipa ndiye asiyejua.

Wala siwaombi mlete madaraja ya juu peke yake. Leteni hata R. Yapo magari ya R yaliyotengenezwa vizuri yatakayomhudumia mtu kwa miaka mingi, na wapo wateja ambao mfuko wao unafika hapo tu. Mtu akiambiwa, "Hili liligongwa kona ya mbele kushoto, likanyooshwa, ndiyo maana limepungua milioni kadhaa," ana haki ya kuchagua, na wengi watalichukua. Tena karatasi yenyewe inawatetea ninyi. Gari lililobadilishwa boneti au fenda tu, vipande vya kufungwa kwa bolti, kwa taratibu za Japani halihesabiki kuwa na historia ya ajali. Kinachohesabiki ni kuumia kwa fremu. Mteja anayegonga bodi kwa kidole na kushtuka akisikia sauti tofauti angetulizwa na karatasi hiyo haraka kuliko na viapo vyenu kumi.

Kuna mambo ambayo mkaguzi wa mnada hayaoni, na hapa naongeza ombi dogo: mwacheni mteja aje na fundi wake. Saluni nyingi za ukubwa huu zina injini ambazo mafundi wetu huziita D4, zile zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Crown za miaka ile na Mark X za 2.5 zina 4GR-FSE, na Brevis kabla yake zilikuwa na 1JZ-FSE. Ni injini tamu zikiwa nzima. Lakini kwa kuwa petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, masizi hujikusanya hapo taratibu, injini ikaanza kutetemeka kwenye sailensa, na pampu yake ya presha kubwa haipendi mafuta machafu. Mtaani sifa ya D4 imeharibika mpaka mtu akisikia jina anakimbia, na mimi naona lawama hiyo imezidi kidogo, maana nyingi zinaharibiwa na mafuta mabaya na kucheleweshwa oili. Hata hivyo fundi akichomeka mashine yake na kuliendesha gari nusu saa, likiwa limepoa na likiwa limepata moto, atajua anashika nini. Crown Majesta nayo ina shokapu za upepo. Zikichoka, gari linalala chini kama ng'ombe, na bei ya kuzirudisha inamfanya mwenye gari atafute mtu wa kumfungia springi za kawaida. Ni haki ayajue hayo kabla hajalipa. Yadi nyingine zinamruhusu mteja kuwasha gari na kusogea mita chache kwenye kokoto, mlinzi amesimama mbele ya boneti. Mnaogopa nini?

Redio sitaigusa sana. Kila mtu anajua redio ya Japani inaishia masafa ya 90, na stesheni zetu nyingi haizishiki, na kwamba betri ikitolewa skrini inajifunga na kuomba kadi iliyobaki Nagoya. Hilo tumelizoea, tunacheka.

Ombi la kubandika karatasi si jambo geni duniani. Huko huko Japani, yadi ya mtumba inatakiwa kuandika kwenye gari lenyewe kilomita, mwezi wa usajili wa kwanza na kama lina historia ya kutengenezwa fremu. Marekani, tangu 1985, muuzaji wa magari yaliyotumika anawajibika kubandika kwenye kioo fomu inayosema kama gari linauzwa na dhamana au bila dhamana. Kwetu hatuna kanuni mahususi ya karatasi ya mnada, lakini msijidanganye kwamba hatuna sheria. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora na historia ya bidhaa, na Tume ya Ushindani ipo kwa kazi hiyo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Dashibodi inayosoma 68,000 ni maelezo.

Ningeweza kuiandikia Tume moja kwa moja. Nimewaandikia ninyi kwa sababu hamhitaji kanuni wala kikao. Mnahitaji mashine ya fotokopi na selotepu. Na wapo kati yenu wanaouza kwa haki, nawajua, nimewapelekea wateja. Hao ndio wanaoumia kuliko wote. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani George Akerlof aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, ambayo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Alionyesha kwamba mnunuzi akishindwa kutenganisha gari zima na bovu, anatoa bei ya katikati kwa yote mawili. Mwenye gari zima anaona hasara, analiondoa sokoni, na sokoni yanabaki mabovu. Ndicho kinachotokea hapa. Yule kati yenu aliyeagiza daraja la 4.5 na kulilipia anashindana bei na aliyeagiza R na kulipaka rangi, na mteja anawaona wote wawili ni wale wale. Karatasi kwenye kioo ndiyo ingewatenganisha.

Tena mshindani wenu mkubwa hayupo yadi ya jirani. Yupo Japani, anatangaza mtandaoni, anaweka picha thelathini za gari moja na karatasi ya mnada juu yake. Mwalimu wa sekondari Mbeya anaisoma kwa simu, anaingiza aina ya gari na mwaka kwenye mfumo wa TRA wa kukadiria kodi, anajua jumla ya gharama kabla hajatuma hata senti, anaagiza mwenyewe. Anavumilia kusubiri meli na usumbufu wa bandarini, kwa sababu moja tu: kule ameonyeshwa. Faida yenu ninyi ni kwamba gari lipo, analishika, anaondoka nalo leo. Mkiongeza na karatasi, atakuwa na sababu gani ya kusubiri meli?

Na wale wanaodhani siri itadumu wafikirie upya. Kwa namba ya chesisi, siku hizi mtu anaweza kununua mtandaoni nakala ya karatasi ya mnada ya gari alilokwisha kulinunua. Atajua ukweli akiwa nyumbani, mkataba wa mauziano upo mkononi, jina la yadi limeandikwa juu. Wateja wa saluni hizi ni walimu, wahasibu, wauguzi, watu wenye makundi ya WhatsApp ya ofisi na ya ukoo. Habari ya kilomita zilizorudishwa inafika Mwanza kabla ya jioni.

Mark X imeacha kutengenezwa tangu Desemba 2019. Zilizopo sokoni zinazidi kuzeeka, na muda si mrefu zote zitakuwa zimevuka miaka 10. Familia zitaendelea kuzinunua, maana saluni kubwa mpya yenye dhamana ya kampuni ni ya wachache sana nchini. Kadiri gari linavyozeeka ndivyo historia yake inavyokuwa na thamani kuliko rangi yake.

Kwa hiyo naomba hivi. Kwenye kila gari wekeni nakala ya karatasi ya mnada, na nakala ya kile cheti cha Japani cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje, ambacho nacho kina namba ya chesisi, mwezi wa usajili wa kwanza na kilomita, ili mteja alinganishe, kwa kuwa karatasi ya mnada nayo huwa inaghushiwa. Chini yake andikeni kwa Kiswahili, kwa kalamu tu inatosha: daraja, kilomita, usajili wa kwanza, sehemu zilizotengenezwa. Kama gari halikutoka mnadani, semeni lilikotoka. Kama karatasi imepotea, andikeni imepotea, na bei iseme hivyo.

Nawe mteja unayeisoma barua isiyokuhusu: ukifika yadi, usianze na bei. Anza kwa kuomba karatasi hizo mbili, kisha angalia fremu ya mlango wa dereva, mpira wa pedali ya breki, na lebo ya mkanda chini kabisa, ambayo mara nyingi ina mwaka wa kutengenezwa. Wakikwambia karatasi ipo kwa bosi na bosi amesafiri, waage kwa adabu uende yadi ya pili.

Wenu,
Mteja, Dar es Salaam